Aliyefuta Ubao

Jumatano, 9 Novemba

Kaka,

Simu ya posta bado imekatwa, kwa hiyo nimempa shemeji barua hii aifiche chini ya kiti cha lori lake la saruji. Sisi hapa wazima, ukihesabu uzima kuwa ni kupumua na kufunga mlango mapema. Mama anakusalimu. Juzi asubuhi alikaa karibu na redio, chai mkononi, akisubiri sauti yako isome matokeo ya urais. Ulipotaja shule yetu alinipiga kofi la begani kwa furaha. "Kakako kakutaja!"

Hukunitaja mimi. Ulitaja kituo nilichosimamia, kisha ukasema Mwavuli kapata kura mia nne na kumi na mbili na Ngazi kapata tisini na saba. Kaka, ni kinyume chake.

Nikueleze ilivyokuwa. Tulipigia kura darasani kwangu, darasa la saba. Jioni tukafungua sanduku, nikaita kila kura kwa sauti na kuiweka mezani: za Rais na mwavuli wake upande wa dirisha, za mpinzani na ngazi yake upande wa mlango. Upande wa mlango ulijaa mpaka tukaongeza dawati. Fomu moja ilikwenda na sanduku. Fomu za mawakala hazikuletwa kabisa, unaijua serikali yetu kwa kusahau inapotaka kusahau. Basi mawakala wote wawili wakakubali niandike matokeo ubaoni, mlango ufungwe, Babu Tochi mlinzi wetu alinde, na mtu yeyote asiguse ubao mpaka mambo yatulie. Funguo ni mbili tu, wangu na wa Babu Tochi.

Watu waliposikia redio walikuja kutazama ubao. Tukafungua. Ubao umefutwa, vumbi la chaki limetanda sakafuni. Sasa wanasema Babu Tochi kanunuliwa. Mlinzi wa watu, ambaye tochi yake yenyewe haina betri tangu mwaka jana, anunuliwe na nani? Vijana wamekaa nje ya nyumba yake na hawaondoki.

Nakuuliza jambo moja tu. Hesabu ile alikupa nani?

Mdogo wako,
Mwalimu


Jumatatu, 14 Novemba

Mdogo wangu Mwalimu,

Barua imefika na nusu mfuko wa saruji. Mke wangu ameifuta kwanza ndipo nikaisoma.

Unaniuliza alinipa nani. Mimi nasoma. Karatasi inawekwa mezani, taa nyekundu inawaka, nasoma. Nilipoona jina la shule yenu nilikaa vizuri kitini nikalisoma kwa raha kuliko mengine yote, maana nilijua kilichopita mikononi mwako hakina kasoro.

Ila usinune nikikuuliza: una hakika? Hatukuanza kujuana leo. Wewe ndiye mtoto aliyevaa viatu kinyume mpaka darasa la tatu, hadi nikakufunga uzi mwekundu mkono wa kulia ili ujue upande. Hesabu unaziweza kuliko sisi wote, lakini kushoto na kulia vimekupiga chenga tangu utoto. Ulikuwa umesimama tangu alfajiri, umechoka, mbele yako kuna safu mbili ubaoni. Uzi ulikuwa wapi siku hiyo?

Natania, lakini si utani wote.

Hapa mjini hali si nzuri. Askari wamejaa mlangoni kwetu, na duka la dawa la mtaa wa nyuma limevunjwa likachomwa. Hata kantini yetu imegawanyika. Fundi mitambo anasema uchaguzi ulikuwa wa haki na walioshindwa wakubali. Mhasibu anasema ni wizi wa mchana kweupe. Wanakula meza moja, wanapeana chumvi bila kutazamana usoni. Mimi nala haraka narudi chumbani kwangu.

Ushauri wangu: fundisha, na mdomo uwe na kufuli. Habari za huyo mzee waachie polisi. Mwambie Mama Jumapili nitasoma salamu za wasikilizaji, na yake nitaitanguliza.

Kaka yako,
Redio


Ijumaa, 18 Novemba

Kaka,

Uliniambia niwaachie polisi. Wameachiwa.

Jumanne vijana walimtoa Babu Tochi nyumbani kwake wakampiga mbele ya mkewe. Walimpiga kwa miguu ya viti vya shule, vile vilivyovunjika ambavyo yeye mwenyewe alivikusanya avitengeneze. Polisi wakaja, wakamchukua yeye, si wao. Eti kwa usalama wake. Toka siku hiyo yuko ndani, na mashtaka ni kuharibu ushahidi wa uchaguzi. Polisi wa serikali hiyohiyo, Kaka, wamekuwa na uchungu na ubao kuliko sisi. Wanataka akiri kwamba wapinzani ndio waliomtuma afute, ili ionekane ubao ulionyesha kushindwa kwao.

Hakiri wala hakatai.

Mkewe anakuja kwangu kila jioni. Anakaa kwenye kigoda cha jikoni, akimaliza kukaa anaondoka. Muuza mkaa wa jirani hataki kuniuzia. Wakala wa Mwavuli, ambaye usiku ule alinipa mkono akaniambia nimesimamia vizuri, sasa anaapa kwamba ubaoni hapakuandikwa kitu. Mlangoni kwetu wameandika MWIZI kwa mkaa. Mama amesugua kwa maji ya sabuni, herufi zimebaki.

Na unajua Mama ananiambia nini akisugua? Ananiambia nikubali nilikosea, kwa sababu mwanawe wa redio hawezi kusema uongo mbele ya nchi nzima. Naishi na msikilizaji wako mwaminifu kuliko wote, na ananionea huruma kama mgonjwa.

Wapinzani wamefungua kesi. Mawakili wao wamefika hapa, wanatafuta watu. Niliwaambia sijui aliyefuta. Niliwaambia pia kwamba huenda msomaji wa redio akajua namba zilitoka wapi. Njoo, Kaka. Sema tu nani aliweka karatasi mezani. Mzee anaweza kupona kwa neno lako moja.

Mdogo wako,
Mwalimu


Jumatano, 23 Novemba

Mdogo wangu,

Ukishasoma hii, ichome. Sifanyi mchezo.

Unajua nilivyozoea kazi. Taarifa yoyote naisoma mara mbili. Mara ya kwanza naisoma kavu, yaani kwa sauti, kipaza sauti kikiwa kimezimwa, ili ulimi uzoee majina. Mara ya pili ndiyo mnayoisikia. Wenzangu hunicheka, lakini mimi sijawahi kujikwaa hewani.

Asubuhi ile nilisoma kavu matokeo ya kituo chako. Yalikuwa kama unavyosema. Ngazi mia nne na kumi na mbili, Mwavuli tisini na saba. Ulimi wangu ulizitamka, nazikumbuka mpaka leo. Taa ilikuwa haijawaka bado, mkubwa wangu akaingia, akachukua ile karatasi akaniwekea nyingine. Nikatazama. Hesabu ni zilezile, ila zimegeuzwa. Nikamwambia, hiki ni kituo cha mdogo wangu, niruhusu nimtafute. Akacheka. Akasema, "Ni yeye mwenyewe ameleta masahihisho. Anasema alichanganya upande."

Alichanganya upande. Mdogo wangu, hakuna maneno mengine duniani ambayo ningeyaamini upesi namna ile. Nilikuona na uzi wako. Nilitabasamu kabisa, nikasema moyoni, yale yale! Taa ikawaka nikasoma.

Sijui nani alimwambia. Labda mimi mwenyewe nilishasimulia hadithi ya uzi kantini siku moja, watu wakacheka. Nafikiri ndivyo.

Siwezi kuja mahakamani. Nyumba hii ni ya redio, shule ya watoto inalipwa na redio, na wiki iliyopita mhasibu alikosekana mezani na hakuna aliyeuliza yuko wapi. Niite mwoga, nitaitika.

Kaka yako


Jumapili, 27 Novemba

Kaka,

Sikuiita barua yako ya mwoga. Nimeisoma nikalia mpaka Mama akaja, nikamdanganya ni moshi wa jiko. Sasa nisome na mimi. Kuna kitu sikukuandikia.

Ubao nilifuta mimi.

Asubuhi ile, ulipomaliza kusoma na Mama akanipiga bega, niliinuka. Sikufikiri hata mara moja kwamba wewe umekosea. Wewe ndiye uliyenishika kidole kwenye kila herufi. Nilifikiri: nimefanya tena, nimeandika mia nne na kitu chini ya jina lisilo lake, na watu wakiona ubao unapingana na redio wataumizana kwa sababu ya kushoto na kulia kwangu. Nilitoka mbio na ufunguo. Unajua mwalimu akiona kosa ubaoni anafanya nini. Hafikiri. Nilifuta kwanza ili niandike sahihi.

Nikashika chaki. Nikageuka kutazama madawati, na palepale nikakumbuka dawati tuliloongeza. Lilikuwa bado pale mlangoni, nililigonga kwa nyonga wakati naingia. Rundo kubwa lilikuwa upande wa mlango. Sikuwa nimekosea. Nikainua mkono niandike upya, mkono ukagoma. Niandike zangu au zako? Na nani ataamini maandishi yaliyoandikwa mara mbili? Nikasikia miguu nje. Nikaufunga mlango kwa ndani, nikatoka kwa mlango wa nyuma na chaki mfukoni.

Mawakili niliwaambia sijui. Wewe nilikuambia "umefutwa", kana kwamba ulijifuta.

Jana nilikwenda kituo cha polisi, nikamhonga askari kwa soda aniruhusu kumwona Babu Tochi. Jicho moja limefumba. Nikaanza kumwambia, babu, mimi ndiye. Akaweka kidole mdomoni. Akasema, "Nilikuona, Mwalimu. Nilikuwa dirishani. Ulilia, nikajua hukutumwa na mtu. Nenda kafundishe, mimi nimeshazeeka, watachoka kunipiga."

Kaka, alijua tangu siku ya kwanza. Amepigwa wiki mbili akijua.

Nitakwenda polisi Ijumaa nijitaje. Siku nne hizi nataka niwamalizie watoto mtihani, na nimtafutie Mama mtu wa kukaa naye. Halafu nitakwenda kwa jaji. Sikuombi kitu tena.

Mdogo wako,
Mwalimu


Jumatano, 30 Novemba

Mdogo wangu, usiende!

Shemeji anageuza lori usiku huuhuu kwa ajili ya barua hii. Nimepiga moyo konde nikaingia kwa mkubwa wangu. Sikumtajia ubao. Nimemwambia tu mzee yule ni mtu wa karibu na familia. Amempigia mkubwa wa polisi mbele yangu, nimesikia kwa masikio yangu. Babu Tochi atatolewa kabla ya Jumatatu. Sharti ni moja: kituo chenu kisipige kelele. Ukienda kujitaja, watakuweka wewe ndani na yeye hawatamtoa, mtakuwa wawili.

Subiri Jumatatu tu. Niamini mara hii.

Kaka yako


Alhamisi, 8 Desemba

Kaka,

Nilikuamini.

Ijumaa sikwenda. Jumamosi mkewe alikuja nikamwambia anatoka, ametajwa na watu wakubwa, apike. Akapika. Jumapili tukaweka chakula kile kwenye bakuli jingine kikabaki. Jumatatu tulikaa mlangoni sisi watatu, yeye, mimi na Mama, tukitazama barabara. Jumanne askari wawili walikuja na gari la wazi. Walituambia moyo wake ulisimama. Walitaka mtu aweke sahihi kupokea nguo zake na tochi.

Mkewe hakulia. Aliniuliza, "Si ulisema anatoka?"

Maneno hayo yalikuwa yako, nami niliyasoma kama yalivyo. Sasa najua kazi yako ilivyo rahisi.

Jana nimekwenda mahakamani. Nimesema kila kitu: madawati, kura, ubao, chaki mfukoni, na Babu Tochi dirishani. Wakili wa serikali akasimama amefurahi. Akaniuliza, kama nilikuwa na hakika na hesabu zangu, kwa nini nilizifuta? Nikasema kwa sababu niliisikia redio. Watu wakaguna. Akaniuliza, kwa hiyo wewe mwalimu unaamini redio kuliko macho yako? Nikasema, naiamini sauti ile.

Jaji akainua kichwa. Akauliza msomaji yule ni nani kwangu. Nikasema ni kaka yangu, tumbo moja. Akauliza kama atakuja. Nikatazama mlango. Nilijua huji, lakini nilitazama hivyo hivyo, na mahakama nzima ikatazama na mimi.

Hawakunikamata. Wakili wa wapinzani anasema hawana haja, nimeshajiharibu mwenyewe. Mtaani wamegawanyika tena. Wengine wanasema nimenunuliwa niseme hivyo ili nimsafishe mzee, na wengine wanasema nimenunuliwa mapema nifute. Wote wanakubaliana nimenunuliwa. Muuza mkaa alikuwepo mahakamani, amenisikia kwa masikio yake, na leo bado amenigeuzia mgongo.

Sina la kukuambia zaidi. Sina hasira hata. Nimechoka tu na sauti yako.

Mwalimu


Jumatatu, 12 Desemba

Mdogo wangu,

Barua hii inakuja na mke wangu na watoto. Wapokee. Yule mdogo hali mpaka aimbiwe, wimbo wowote. Mkubwa anajifanya mtu mzima, usimwamini, analia akizimiwa taa.

Hukumu ya kesi itatolewa Jumatano mchana, nami nimepangiwa kuisoma jioni. Tayari ninayo mezani. Wameniletea leo, siku mbili kabla jaji hajaketi kuitamka. Nimeisoma kavu. Inasema uchaguzi ulikuwa huru na wa haki, na kwamba ushahidi wa kituo chako haupo kwa kuwa mtoa ushahidi aliuharibu mwenyewe. Ina ukurasa mzima juu yako. Juu ya Babu Tochi hakuna hata mstari.

Mkubwa wangu alinipa mkono alipoileta. Nilimuuliza kuhusu mzee, na ile simu ya kwa polisi. Akasema, "Simu gani?" Sijui kama alisahau au hakukuwa na mtu upande wa pili siku ile. Mimi nilisikia upande mmoja tu, nikakuandikia kana kwamba nimesikia yote.

Mwambie Mama awashe redio Jumatano jioni. Umwite na mke wa Babu Tochi. Najua umechoka na sauti hii. Isikilize mara moja tu, halafu uzime.

Kaka yako


Ijumaa, 16 Desemba

Kaka,

Shemeji amerudi na kukataa kuichukua barua hii. Anasema mlango wenu una kufuli ambalo si lenu, na pale redioni alipouliza, askari alimuuliza yeye jina lake. Naandika hivyo hivyo.

Tulikuwa sita chumbani. Mama alikaa karibu na redio, mkeo ukutani, watoto sakafuni, na mke wa Babu Tochi kwenye kigoda alichokichukua jikoni mwenyewe. Ukasalimia wasikilizaji kama siku zote. Kisha ukasema, "Kabla ya hukumu, nina masahihisho." Nilijua hapo hapo, na nikataka nikuzuie, kana kwamba unanisikia.

Ulitaja shule yetu. Ukasema Ngazi mia nne na kumi na mbili, Mwavuli tisini na saba, na kwamba ndivyo ulivyozisoma kwanza, kipaza sauti kikiwa kimezimwa. Ukasema karatasi ilibadilishwa mbele yako. Ukamtaja mlinzi wa shule kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo hata mimi nilikuwa silijui, ukasema hakufuta kitu na amekufa. Sauti haikutetemeka. Halafu ukaanza kusema, "Na mdogo wangu…" na ukapigwa muziki. Muziki ulipigwa mpaka saa ya kulala. Sijui ulitaka kusema nini juu yangu. Nimejaribu kuimalizia sentensi hiyo namna nyingi, hakuna hata moja inayonipendeza.

Mama hakuzima. Alisogeza sikio mpaka likagusa redio, akangoja muziki uishe, kama mtu aliyeambiwa subiri kidogo.

Asubuhi ya jana muuza mkaa alikuja na gunia, hataki hela. Akasema, "Mwalimu, tumesikia redioni. Kumbe mzee hakufuta." Nikamwambia, nilisema hivyo mahakamani na wewe ulikuwepo. Akajikuna kichwa. Akasema, "Mahakamani ulisema wewe." Baada yake wamekuja wengi, wale vijana wa miguu ya viti pia, wamejipanga kwa mjane kuomba radhi. Mjane amewafungia mlango. Ameniambia, "Walimuua kwa kuwa redio imesema, na sasa wanamlilia kwa kuwa redio imesema." Kisha akakaa kigodani, na mara hii akalia, nami nikakaa naye.

Rais anaapishwa Jumanne. Hesabu za kituo kimoja hazikumzuia, na watu wanaendelea kubishana mitaani kama matokeo yale yalikuwa halali. Mimi nimesimamishwa kazi. Darasa la saba wana mwalimu mpya.

Mdogo amekula leo, mkeo amemwimbia. Mkubwa tumemwachia taa.

Taarifa ya habari inasomwa na kijana mwingine sasa. Anasoma safi, hajikwai. Mama anamsikiliza mpaka mwisho, asubuhi na jioni, halafu ananigeukia na kuniuliza utakuja lini. Mwanzoni nilitaka kumjibu upesi, kama nilivyomjibu mke wa Babu Tochi. Nimemwambia sijui.

Mdogo wako,
Mwalimu